Naishi Majengo, Goma: nitayarishe nini nyumbani kabla Nyiragongo haijatoka tena?

Swali: "Tunapanga nyumba ya mbao hapa Majengo: mimi, mume wangu, watoto wanne, na mama mkwe ambaye miguu haimruhusu kutembea mbali. Mume hushinda Birere kwenye biashara, na watoto wawili wakubwa wanasoma upande wa Himbi. Maji yetu ni ya mvua, tangi la lita elfu moja. Tangu 2021, usiku nikiona wekundu juu ya mlima silali. Nitayarishe nini ndani ya nyumba, na siku hiyo nikimbilie wapi?" (Mama wa Majengo)

Jibu: Mama, tuanze na wekundu huo unaokunyima usingizi. Kuanzia 2002 hadi 2021 ndani ya shimo la volkano ya Nyiragongo kulikuwa na ziwa la lava (mwamba ulioyeyuka kwa joto), na kwa karibu miaka ishirini liliangaza mawingu usiku bila mji kuguswa. Kwa hiyo mwanga peke yake si dalili ya kukimbia. Kinachotakiwa kukuamsha ni matetemeko yanayofuatana kwa saa au siku, nyufa mpya ardhini hasa zikitoa mvuke au joto, au wekundu unaoonekana ubavuni mwa mlima badala ya kileleni. Hilo la mwisho halihitaji tangazo. Lava ya Nyiragongo huwa haingoji kufurika juu, hupasua ubavu. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka mteremko wa kusini hadi karibu na Munigi, yaani mlangoni mwa mji.

La pili ni gumu kidogo. Nyumba yako haiwezi kukingwa na lava. Lava inayopita digrii elfu moja huwasha mbao kwa joto lake tu kabla haijazigusa, na ukuta wa mawe huzingirwa kisha husukumwa. Kwa hiyo "kutayarisha nyumba" kwa mtu wa Majengo kuna maana mbili tu: watu saba watoke ndani ya dakika kumi wakiwa pamoja na wakijua wanakokwenda, kisha nyumba ikisalimika muweze kuishi humo katika wiki za matetemeko, majivu na ukosefu wa maji.

Tunasisitiza kutoka kwa utaratibu kwa sababu ya hesabu ya 2021. Lava ilianza kushuka jioni ya tarehe 22 Mei, watu wakiwa wanajiandaa kula, na hakukuwa na tangazo lililotangulia. Katika hesabu ya kwanza ya serikali ya watu 15 waliokufa, tisa walikufa katika ajali ya gari wakikimbia, wanne wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze, na wawili tu waliungua. Siku mbili baadaye wengine walikosa pumzi wakikatiza juu ya lava iliyoonekana imepoa. Mwaka 2002 makumi waliteketea pale kituo cha mafuta kilipolipuka tarehe 21 Januari, siku nne baada ya mlipuko, watu wakichota petroli kati ya lava ya moto. Lava yenyewe, ikishafika kwenye tambarare ya mji, mara nyingi huenda polepole kuliko mtu anayetembea. Mteremkoni ni jambo jingine: tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, likakimbia kwa makumi ya kilomita kwa saa na kuvikuta vijiji vya juu kabla watu hawajajua. Majengo hamko mteremkoni, lakini mko kaskazini mwa mji, upande ambao lava huingilia. Mna muda, ila ni mfupi kuliko wa mtu wa Himbi.

Sasa mwelekeo. Lava hufuata mteremko kutoka kaskazini kwenda kusini, kuelekea ziwani. Kosa ambalo watu hulifanya ni kukimbia mbele yake, kusini moja kwa moja kuelekea Ziwa Kivu, kwa sababu barabara zinashuka huko. Mwaka 2002 lava ilipita uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji na kuingia ziwani. Goma ikawa vipande viwili na hapakuwa na pa kuvukia. Usikimbie mbele ya lava, toka njiani mwake kwa ubavu: mashariki kuelekea mpakani na Gisenyi, mji wa Rwanda, au magharibi kuelekea Sake na Minova. Barabara ya kaskazini ya Rutshuru ifute kabisa kichwani. Inapita chini ya mlima, na 2021 lava iliikata.

Familia yako tayari imegawanyika mchana: mume Birere, mashariki, wakubwa Himbi, magharibi, wewe, wadogo na bibi (mama mkwe wako) kaskazini. Lava ikipita katikati saa nne asubuhi, mume atataka kuvuka kuwafuata watoto, nao watataka kuvuka kurudi nyumbani. Watu hunaswa hivyo. Kubalianeni leo juu ya kanuni moja: kila mmoja hukimbilia upande aliopo, hakuna anayevuka kumfuata mwenzake. Halafu chagueni mahali pawili pa kukutania, moja mashariki na moja magharibi. Pawe mahali pa kutajika hasa, kama nyumba ya ndugu, parokia fulani, duka fulani. "Gisenyi" peke yake haitoshi, wala "Sake". Mtu wa tatu awe nje kabisa ya eneo, Bukavu kwa mfano, au Kampala, ambaye kila mmoja atamtumia ujumbe: "niko hai, niko mahali fulani, niko na nani." Tumieni ujumbe mfupi wa maandishi, maana siku hiyo mtandao hujaa, simu za sauti hukatika na ujumbe hupenya. Nendeni pia shuleni kuuliza waalimu huwapeleka watoto wapi na huwakabidhi kwa nani. Kama hawana jibu, wazazi wadai jibu.

Mwaka 2021 mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao, na mtoto mdogo mara nyingi hajui kutaja zaidi ya jina la kwanza. Chukua kipande cha kitambaa cheupe, andika kwa kalamu isiyofutika jina la mtoto, jina la mama na baba, mtaa, na namba mbili za simu: yenu na ya yule ndugu wa nje. Kishone upande wa ndani wa koti au sweta ambalo mtoto atalichukua usiku. Karatasi ya mfukoni hulowa na mvua ya kwanza. Mwaka ukipita, angalia kama namba bado zinapatikana.

Bibi ndiye atakayeamua kasi yenu, na hapa usiseme "tutaona". Mpango wake uwe na ngazi mbili. Ya kwanza ni kumwondoa mapema. OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, hutumia rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Wengine husubiri amri, lakini bibi na mtoto mchanga waondoke rangi ya chungwa inapotangazwa, wakalale kwa ndugu upande wa Minova au Gisenyi, hata kama jirani watawacheka. Ya pili ni ya usiku wa ghafla kama ule wa 2021. Motari (dereva wa pikipiki ya abiria) hutamwona, na ukimwona bei itakuwa imepanda mara nyingi. Tafuta sasa jirani mwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo), mkubaliane kwa uso na si kwa salamu. Chukudu inayobeba magunia ya makala (makaa) itambeba mtu mzima: tandika godoro au blanketi nene lililokunjwa juu ya ubao, mketishe akitazama mbele, mfunge kiunoni kwa kitenge kwenye mti wa usukani, bila kumbana kifua. Mtu mmoja ashike usukani, mwingine asukume nyuma. Mteremkoni wote wawili wazuie, maana chukudu yenye mzigo hukimbia yenyewe. Jaribuni mara moja mchana, kutoka mlangoni hadi barabara ya lami. Hapo ndipo mtagundua kwamba mlango wa uzio ni mwembamba, au kwamba bibi hawezi kuketi bila kitu cha kuegemea mgongo.

Begi. Weka moja la familia na kamoja kadogo kwa kila mtoto anayeweza kubeba, yaning'inie kwenye msumari karibu na mlango, si chini ya kitanda. Kilichomo:

Hati ndani ya plastiki iliyofungwa: kadi za mchaguzi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za shule, mkataba wa kupanga. Zipige picha na umtumie yule ndugu wa nje. Kadi ya mchaguzi ndiyo kitambulisho chenu. Ukiikosa, kila kizuizi na kila foleni ya msaada itakuwa ndefu mara mbili.

Pesa taslimu, noti ndogondogo za faranga na dola chache. Usitegemee M-Pesa tu: mawakala nao hukimbia.

Dawa za bibi za wiki mbili, na karatasi ya daktari. Pakiti kumi za chumvichumvi za kumnywesha anayeharisha (ORS). Vidonge vya klorini.

Maji lita tano kwa kila mtu mzima na chupa ya lita moja na nusu kwa kila mtoto. Bidoni la lita ishirini ni kilo ishirini. Mtalitupa kabla ya kilomita ya pili.

Chakula kisichohitaji moto cha siku tatu: biskuti, karanga, mkate mkavu. Unga wa sosoma (unga wa uji wa soya, mtama na mahindi) nao uwepo kwa ajili ya mtakapofika.

Tochi, redio ndogo na betri za akiba nje ya mashine (zikikaa ndani huvuja). Redio Okapi hutangaza pia kwa Kiswahili.

Turubai moja, blanketi, sweta. Mei usiku kando ya barabara ya Sake ni baridi, na mvua haisamehe.

Viatu vilivyofungwa kwa kila mtu, kando ya kitanda. Mawe ya Goma hukata, na kandambili hazifiki mbali usiku.

Televisheni, godoro la pili na kabati haviko kwenye orodha kwa makusudi. Na msiache mwanamume nyuma kulinda nyumba. Tunajua wizi upo, hata 2021 nyumba nyingi ziliibwa. Kufuli nzuri inatosha. Vitu vichache vya thamani vitangulizeni kwa ndugu rangi ya chungwa ikitangazwa.

Mkitoka: mwaga maji kwenye mbabula (jiko la makala) mpaka makala yafe kabisa, funga valvu ya gesi kama mnayo na uhakikishe imekaza, zima swichi kuu ya umeme, mfungulie mbuzi na kuku. Kama kuna petroli ya kuuza, kama ile ya kadafi (muuza petroli ya rejareja) wa kando ya barabara, isilale kamwe ndani ya nyumba ya mbao, volkano au pasipo volkano.

Lile watu hawalifikirii hata kidogo ni mahali pa kulala mkikimbia magharibi. Kati ya Goma na Sake, kuanzia Kyeshero, Bulengo na Mugunga, kuna mazuku: gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa mara moja na nusu, ikijaa kwenye mabonde madogo, mashimo na mifereji kama maji. Haina rangi wala harufu. Anayeumia kwanza ni aliye chini: mtoto aliyelala mkekani, mbuzi, mbwa. Saa mbaya ni usiku wa manane hadi asubuhi kabla jua halijapanda, pasipo upepo. Kwa hiyo msilale bondeni hata kama pamejikinga na upepo. Upepo huo ndio mnaouhitaji. Laleni palipoinuka, watoto wakiwa juu ya kitu na si chini. Mkiona ndege, mijusi au wadudu wengi wamekufa mahali pamoja, ondokeni. Mtu akianguka bondeni, usimfuate kwa kuinama. Wengi wa pili hufa hivyo, wakiwaokoa wa kwanza. Na barakoa au kitambaa kilicholowa hakizuii gesi hii hata kidogo. Wengine hubeba mshumaa wakisema ukizimika ndipo pana hatari. Moto huzimika wakati mtu tayari amelewa gesi. Msiutegemee.

Kuhusu hofu ya Ziwa Kivu kulipuka: limebeba kaboni dayoksaidi na methani nyingi sana vilindini, na mkasa wa Ziwa Nyos kule Kameruni mwaka 1986, uliowaua watu wapatao 1,700, ndio unaowatia wataalamu wasiwasi. Mwaka 2002 lava iliingia Kivu na gesi haikutoka, kwa kuwa ilibaki juu ya tabaka zenye gesi. Wasiwasi wa 2021 ulikuwa magma (lava iliyo bado chini ya ardhi) iliyopenya chini ya mji kuelekea ziwani, ndiyo maana tarehe 27 Mei mitaa kumi kati ya kumi na minane iliamriwa kuhama, Majengo ikiwemo. Kwenu hili linabadilisha jambo moja: amri ya kuhama ikitolewa siku kadhaa baada ya lava kusimama, si mchezo wa viongozi. Ondokeni, na msiweke kambi ufukweni.

Tuje kwenye nyumba iliyosalimika. Baada ya lava ya 2002 na ya 2021 ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi, kuta zikapasuka Goma na Gisenyi. Nyumba yako ya mbao ina nafuu hapa, maana huyumba bila kuanguka. Kinachoua ni uzio wa mawe wa jirani, ukuta wa matofali usio na nondo, na kabati. Sogezeni vitanda vya watoto mbali na upande ulio karibu na uzio wa mawe. Kabati lifungeni ukutani kwa waya kwenye nguzo, si kwenye ubao mwembamba. Vitu vizito viwe chini. Na mbabula isikae njia ya mlangoni, maana tetemeko likiipindua moto utakufungieni ndani. Mkihamia kwenye hema au banda kwa kuogopa kuta, msiingize mbabula humo usiku kujipasha joto. Makala kwenye mahali palipofungwa huua familia nzima ikiwa usingizini.

Majivu: siku chache baada ya lava ya 2021, shimo la mlima lilibomoka ndani na majivu yakaanguka mjini. Kwa kawaida Goma hupata tabaka jembamba, si la kubomoa bati. Lakini sentimita moja ya majivu makavu ni kama kilo kumi kwa kila mita ya mraba, na mvua huongeza sana uzito huo. Yaondoeni kabla hayajalowa, mtu akiwa ameketi juu ya ngazi iliyoshikwa, asitembee kwenye bati linaloteleza. Nyunyizeni maji kidogo tu kutuliza vumbi kisha mfagie. Mkimwagia ndoo yanageuka tope zito na kuziba mifereji. Kwa majivu, tofauti na gesi, barakoa husaidia: ya aina ya N95 au FFP2 ikibana pua vizuri. Isipopatikana, kitenge cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa ni nafuu, hasa kwa mtoto mwenye pumu.

Tangi lako la maji ndilo hazina ya nyumba hiyo, na ndilo lenye hatari ya kimyakimya. Mwaka 2021 lava iliharibu tangi na mabomba makuu ya mji, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Lita elfu moja kwa watu saba, mkitumia lita kumi na tano kila mmoja, ni siku tisa. Mkitenga lita nne kila mmoja za kunywa na kupikia tu, na kufulia maji mengine, zinafika mwezi na zaidi. Kwa hiyo tangi lisishuke chini ya nusu wakati wa masika, na kiangazi msilimalize kwa kufulia.

Moshi na majivu ya milima hii hubeba floraidi na asidi, ambazo mvua ya kwanza huzishusha kwenye bati na kuziingiza tangini. Floraidi ikizidi kwa miaka hutia meno ya watoto madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi: maji hupungua, yenyewe hubaki na kukolea. Klorini nayo haiigusi. Dawa ni kuizuia isiingie. Unganisha bomba la kutoka kwenye mfereji wa bati kwa namna inayotoka kwa mkono bila ufunguo, na mlima ukianza kutoa moshi mwingi au majivu, litoe lining'inie nje. Funika tangi kwa kifuniko kinachobana. Majivu yakiisha, fagia bati, acha mvua mbili nzito zioshe, ndipo urudishe bomba. Maji yakiwa na ladha ya uchachu au ya chuma, yatumie kuoshea sakafu tu.

Mkilazimika kuchota ziwani, tatizo hugeuka kuwa kipindupindu. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa lita ishirini za maji maangavu, koroga, funika, ngoja nusu saa. Maji yakibaki na ukungu, weka viwili. Familia yenu hunywa na kupikia kama lita 28 kwa siku, kwa hiyo vidonge hamsini ni mwezi mmoja. Soma pakiti kabla ya kununua, maana zipo za vipimo vingine na za chooni, sura zikifanana.

Mkirudi baada ya kuhama, usipeleke watoto kwanza. Mtu mzima aende mchana na mwenzake, afungue milango na madirisha na kukaa nje hadi upepo upite, kisha akague sakafu na choo cha shimo. Ufa mpya unaotoa hewa ya joto ndani ya nyumba, au shimo la choo lililopasuka, unatosha kuwafanya mlale kwingine na kuwaita watu wa OVG au wa ulinzi wa raia. Lava iliyo jirani ina ganda gumu la kijivu ambalo mtu anaweza kulikanyaga, lakini chini yake moto hudumu wiki hata miezi. Mvua ikinyesha hutoa mvuke wa kuunguza, na mimea iliyofunikwa huzalisha methani inayoweza kulipuka pembeni kabisa mwa mwamba. Njia ya mkato kupita juu yake isitumike mpaka wakuu wa mtaa watakapoifungua, na watoto wakanywe kutofuata vyuma chakavu humo.